Kuku Bandani, Maji Miguuni, Wimbo Sikioni

Paukwa!

— Pakawa!

Mchele?

— Wa mwaka huu!

Mkeka?

— Wa kulalia!

Na masikio?

— Ya kusikilizia!

Haya, yafungueni. Wewe hapo nyuma, mwache mwenzio, huo ni mgongo wake, si ngoma. Na mama zenu nawaona, wamejiegemeza ukutani kama hawana habari na mimi. Wasikilize. Hadithi hii ni yao zaidi kuliko yenu.

Hapo zamani za kale, zamani ndege wakisema na watu wakajibiwa, palikuwa na kijiji juu ya bonde la mpunga. Wanaume wa kijiji kile walilinda bonde usiku, kwa sababu ya nguruwe. Wanawake waliliamia alfajiri, kufukuza kwa kelele, kwa sababu ya ndege. Mume anapanda, mke anashuka, njiani wanaamkiana, basi. Mchele una kazi, wanangu. Ninyi mnaula tu.

Katika kijiji kile alikuwapo mwanamke, jina lake Siwatu. Siwatu alikuwa na sauti. Nisikilizeni: alikuwa na sauti! Akisimama juu ya dungu lake, ule ulingo wa miti wa kuamia ndege, akaita "Swaaaa! Tokeni!", ndege walitoka kwenye konde lake, wakatoka kwenye konde la jirani, wakatoka na kwa jirani wa jirani. Watu walimpenda kwa hilo. Ukilima karibu na Siwatu, mdomo wako unapumzika.

Alikuwa na mume, Mshindo, na huyo kila usiku yuko bondeni na nguruwe wake. Tena alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Chausiku, ndiyo kwanza ameacha ziwa.

Chausiku halali.

Jua likizama, watoto wa wenzake wanasinzia na tonge mkononi. Yeye macho makavu. "Mama, maji." Anapewa maji. "Mama, mkojo." Anapelekwa. "Mama, kule kuna nini?" Kule kuna ukuta, mwanangu, hata jana ulikuwapo! Siwatu anachoka, anaitoa ile sauti: "Lalaaaa!" Mtoto anashtuka. Kuku wanashtuka. Mbuzi wa jirani anakata kamba. Kulala, hakuna.

Jogoo wa kwanza akiwika, mtoto yuko macho. Jogoo wa pili akiwika ndipo anaanguka, tena popote. Leo penye kinu, kesho mlangoni, keshokutwa juu ya tumbo la mama yake. Na jogoo wa pili, ninyi hamjui kwa sababu mnakoroma, ndiyo saa ya ndege.

Basi Siwatu anambeba mtoto mgongoni, anashuka bondeni, anapanda dunguni, anakaa. Akikaa tu, kalala. Ile sauti kubwa yote inabaki kukoroma.

Sasa, juu ya paa la Siwatu alikaa Kunguru. Konde hana, jembe hana, lakini utamu wa mchele mpya anaujua. Kunguru alikwenda kwa kwelea, wale ndege wadogo wanaokuja kama wingu, akawaambia: "Ninyi wengi, mimi mjanja. Mnaiogopa Sauti. Mimi nitawaambia Sauti ikilala. Mkishiba, mnibakizie." Wakakubaliana.

Haya mnayajua ninyi. Siwatu hayajui.

Jioni ile Kunguru akainama ukingoni mwa paa. "Shikamoo, Mama Chausiku."

"Marahaba, Kunguru."

"Mtoto bado halali?"

"Halali, ndugu yangu. Nimekwisha."

"Hajachoka huyo. Mchezeshe ngoma mpaka miguu imlegee."

Siwatu akashika debe, akapiga. Chausiku akacheza. Alicheza, alicheza, alicheza! Mama akachoka, mtoto akataka tena. Jogoo wa pili akawakuta uani, mmoja anacheza, mwingine anapiga debe na macho yamefumba. Asubuhi Siwatu kalala dunguni. Kwelea wakashuka kwenye konde lake, kipande cha mferejini, wakakimaliza.

Jioni ya pili. "Shikamoo, Mama Chausiku. Mtoto kalala?"

"Hakulala."

"Basi ana njaa huyo. Mshindilie."

Siwatu akamshindilia. Muhogo, maharage, uji juu yake. Tumbo likawa ngoma. Usiku kucha ni kwenda chooni na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka njia ikang'aa. Asubuhi Siwatu kalala dunguni. Kwelea wakashuka kwenye kipande cha katikati, wakakimaliza.

Jioni ya tatu. "Shikamoo, Mama Chausiku. Bado?"

"Bado."

"Haogopi huyo, ndiyo maana. Mtishe. Mwambie zimwi liko mlangoni, na useme kwa sauti yako hiyo."

Hapa kina mama wa ukutani nawaona wanatazama chini. Najua. Hata mimi niliwahi kulileta hilo zimwi, na lilikataa kuondoka.

Siwatu akamtisha. Chausiku akamkumbatia mama yake shingoni, akatetemeka mpaka kulipokucha, hakutaka hata koroboi lipunguzwe. Asubuhi, kama kawaida, dunguni. Kwelea wakashuka kwenye kipande cha penye kichuguu, wakakimaliza nacho.

Kikabaki kipande kimoja tu, cha juu, kilichopandwa baadaye, kilikuwa bado kinatoa maua. Mchele wa kula mwaka mzima na mbegu ya mwaka ujao, vyote vilikuwa hapo. Hicho kikienda, watu watatu watakula mizizi ya porini.

Mshindo akapanda kutoka kwenye zamu yake, akayaona mabua matupu. Hakugomba. Alisema tu, "Mke wangu, nguruwe sikuwapisha. Huku kumepita nini?" Kisha akaenda kujilaza. Na neno lile lilimuuma Siwatu kuliko kugombwa.

Siwatu alikuwa bado amesimama pale kondeni aliposikia mtu nyuma yake. Alikuwa Mgeni, dada yake Mshindo, wifi yake. Mgeni tangu augue utotoni alibaki na sauti ndogo, akikuita lazima umsogelee. Kuamia ndege hawezi. Walimcheka sana bondeni kwa hilo. Basi yeye alitega tetere, wale njiwa wadogo wa porini, kando ya mashamba, akaishi kwa mitego yake.

"Wifi," akasema Mgeni, "leo nimepita kutazama mitego. Kunguru wako alikuwa juu ya dungu, kichwani pako kabisa. Anawaita wenzake: Sauti imelala! Shukeni! Sauti imelala!"

Siwatu akakaa kitako matopeni, akalia.

"Mimi si mvivu, wifi."

"Najua."

"Ni mtoto huyu, halali."

"Najua. Kijiji kizima kinajua. Unamwambia alale mpaka sisi tuliolala tunaamka."

Siwatu akacheka katikati ya machozi. Wifi ni wifi, hata msibani atakutania. "Basi niambie nifanyeje."

Mgeni akamsogelea. "Wewe kazi yako kufukuza. Mimi kazi yangu kuita. Tetere simwiti kwa kelele. Siku za kwanza hata mtego siweki. Namwaga punje mahali pale pale, saa ile ile, nakaa kimya. Leo haji. Kesho haji. Keshokutwa anatua kwa mbali, ananichungulia. Siku ya saba yuko pale hata kabla sijafika. Na usingizi wa mtoto ni ndege, wifi. Wewe leo unaumwagia punje penye kinu, kesho mlangoni, halafu ukikaribia kutua unaupigia swaa!"

Siwatu akafuta uso. Kisha akaokota bonge la udongo. "Sawa. Lakini Kunguru leo namvunja mguu."

"Mwache," akasema Mgeni. "Tena mwache hapo hapo paani, asikilize kila siku. Mtegaji hamfukuzi ndege aliyekuja mwenyewe."

Siwatu hakuelewa. Mmeelewa ninyi? Hamjaelewa. Tulieni.

Jioni ile walikula mapema, jua bado linaonekana. Siwatu akamshika Chausiku mkono. "Twende tukafunge kuku." Kuku walikuwa wanaingia wenyewe, mmoja mmoja, mzee mbele. Chausiku akasukuma mlango wa banda kwa mikono miwili. "Laleni, kuku," akasema.

Kisha maji ya vuguvugu kwenye beseni. Siwatu akamwosha miguu, kidole kimoja kimoja, bila haraka, wala hakuna aliyekimbizana na mtu. Wakaingia ndani. Mkeka ukatandikwa kwenye kona ya ukuta wa jikoni, koroboi likawekwa nyuma ya mtungi ili mwanga upungue. Kisha Siwatu akaimba. Hakuwahi kuimba kwa sauti ndogo maishani mwake! Mara ya kwanza ilimkwama, ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini akaimba:

Lala, shamba limelala,
bua limeinama,
maji yametulia,
mama yupo, mama yupo.

Kuku wapi? Bandani. Maji wapi? Miguuni. Wimbo wapi? Sikioni. Shikeni hayo matatu, nitawauliza.

"Mama, maji."

"Umeshakunywa. Mama yupo. Lala."

Mtoto akainuka. Mama akamrudisha. Akainuka. Akamrudisha. Akainuka tena, safari hii na kilio juu. Na ile sauti ikampanda Siwatu. Ikatoka tumboni, ikapita kifuani, ikafika kooni. Juu ya paa Kunguru akasema, "Mpigie kelele, Mama Chausiku! Hakusikii huyo!"

Siwatu akaimeza ile sauti kama linavyomezwa tonge la moto. "Mama yupo," akasema kwa upole. "Lala."

Jogoo wa kwanza alipowika, mtoto alikuwa ameshalala.

Jioni ya pili: kuku bandani, maji miguuni, wimbo sikioni. Mtoto aliinuka mara tatu.

Jioni ya tatu palikuwa na harusi kijijini. Ngoma ikaanza kulia kabla hata kuku hawajaingia. Na ngoma bila Siwatu si ngoma, yeye ndiye mwenye kuanzisha nyimbo. Wakaja wanawake mlangoni: "Siwatu, njoo! Mbebe na mtoto, ni leo tu!" Miguu yake ilikuwa inacheza yenyewe pale alipochutama kwenye beseni. Akasema, "Nitakuja kesho mchana kuosha vyombo." Akaendelea na kidole kilichofuata. Hapo ndipo mimi nilipompenda Siwatu. Kuacha kazi kwa ajili ya mtoto ni rahisi, lakini kuacha ngoma!

Jioni ya saba, wimbo haujafika kwenye "maji yametulia", Chausiku alikuwa anapumua taratibu. Na mama yake akalala ubavuni pake, usingizi wa kweli, wa kwanza tangu mtoto aache ziwa.

Jogoo wa kwanza akawika, Siwatu kaamka. Jogoo wa pili akawika, Siwatu kasimama dunguni. Kwelea wakaja kama wingu.

"Swaaaaaaa! Tokeni!"

Wakaruka mpaka ng'ambo ya kilima. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Mwezi ukaandama, ukajaa, ukapungua. Mpunga wa kipande cha juu ukamaliza maua, ukatia maziwa, ukainama.

Na Kunguru? Kila jioni yuko paani, anasubiri mtoto alie. Kuku bandani, anasikia. Maji miguuni, anasikia. Wimbo sikioni, anasikia. Mtoto halii. Kunguru anaudhika, kesho anarudi tena.

Kwelea wakamjia na hasira. "Mjanja wetu, mbona tuna njaa?"

Kunguru akasema, "Keshokutwa anavuna. Basi kesho mjikusanye wote, wa mashariki na wa magharibi, mkae nyuma ya kilima. Usiku huo nitalala paani kwake, yaani sitalala, nitakesha. Jogoo wa kwanza kabla hajawika, Sauti ikiwa bado mkekani, nitawaita. Msitoke bila mimi. Mkitoka bila mimi mtakutana naye."

Kilikuwa kipande cha mwisho, wanangu. Chakula cha mwaka mzima, na ndege wamelala nyuma ya kilima wanangoja neno moja tu.

Kesho yake jioni Kunguru akakaa paani, macho yamemtoka.

Chini, Chausiku akasukuma mlango. "Laleni, kuku." Kuku bandani. Kunguru, bila kujua, akakunja mabawa.

Chini, maji yakamiminika kwenye beseni. Maji miguuni. Kunguru, bila kujua, akaficha mguu mmoja ndani ya manyoya.

Chini, Siwatu akaanza kuimba, na sauti yake ndogo siku hizo ilikuwa imelainika.

Lala, shamba limelala,
bua limeinama...

"Nafumba jicho moja tu," akasema Kunguru. "La pili nabaki nalo." Akafumba moja. La pili likaona mwenzake anafaidi, nalo likafumba.

...mama yupo, mama yupo.

Chausiku kalala. Na paani, kimya.

Jogoo wa kwanza akawika. Siwatu akaamka, akamgongea Mgeni. Mgeni akawaamsha majirani mmoja mmoja, kwa kumgusa bega kila mtu. Mshindo akapanda kutoka bondeni, nguruwe wake wamekwenda zao, naye akachukua kisu. Kulipopambazuka walikuwa wameshaanza kuvuna.

Nyuma ya kilima ndege wanaulizana. "Kaita?" "Hajaita." Jua likachungulia. "Kaita?" "Hajaita." Jua likapanda. "Kaita?" "Hajaita! Yule katusaliti, anakula peke yake!" Wakaondoka kwa hasira, wakaenda bonde jingine kabisa.

Mpunga ukajaa vikapuni, wote, mpaka bua la mwisho. Walipopanda nao nyumbani walimkuta Kunguru paani, shingo imezama mabegani, mdomo wazi, anakoroma.

Mgeni akamtazama kama anavyotazama tetere aliyenasa. Akamsogelea Siwatu. "Wifi," akasema, "mtego umefyatuka. Sasa piga."

Siwatu akatua kikapu. Akavuta pumzi. Sauti ambayo mwezi mzima haikusikika nyumbani kwake, ikatoka yote.

"Kunguruuuuu! Kumekuchaaaa!"

Kunguru akaporomoka kutoka paani, akaangukia kwenye beseni, maji chubwi! Akainuka amelowa, anatazama jua, anatazama vikapu, anatazama watu.

"Nani kanilaza? Nani? Mimi nilikuwa ninakesha!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Chausiku hakucheka. Alisogea, akainama, akamkagua Kunguru chini mpaka juu.

"Mama," akasema, "huyu kalala bila kuosha miguu."

Kunguru akaruka, akaenda zake, na paa lile hakulikalia tena.

Jioni wakala wali mpya. Mgeni alipewa ukoko, na anayejua wali anajua kwamba hiyo ni heshima. Kisha Chausiku akafunga kuku. Akaoshwa miguu. Wakaingia ndani, kona ile ile, mkeka ule ule.

Siwatu akaimba. Lala, shamba limelala. Alikuwa ameinama na kisu tangu alfajiri, mgongo wote unamuuma. Bua limeinama. Sauti ikapungua. Maji yametulia.

Kimya.

Chausiku akangoja. Wimbo haukwisha, mstari mmoja bado. Akamgusa mama yake shavuni. Mama kalala.

Basi mtoto akajiinua kwa kiwiko, akaweka mdomo wake sikioni mwa mama, akamalizia kwa sauti ndogo sana:

"Mtoto yupo, mtoto yupo."

Mshindo alikuwa amesimama mlangoni. Shamba limevunwa, hana tena nguruwe wa kulinda. Ulikuwa usiku wake wa kwanza nyumbani, na hakujua kama yupo mtu wa kumkaribisha. Chausiku akamwonyesha kwa kidole: koroboi, nyuma ya mtungi. Baba akaliweka. Kisha mtoto akamtazama miguu, imejaa tope la bondeni.

Baba akatoka kwenda kuosha miguu.

Na mimi hadithi yangu naikunja hapa, kama mkeka. Aliyeipenda akaitandike kwake, asiyeipenda aiegemeze ukutani, kesho mwingine ataihitaji.

Kuku?

— Bandani!

Maji?

— Miguuni!

Wimbo?

— Sikioni!

Haya, tokeni mbele yangu. Beseni liko pale.